Mafunzo au mtaji kwanza?

Umeuliza kama msaada wenu kwa ushirika wa chakula wa kijijini uanze na mafunzo au mtaji. Mimi ningeanza na daftari lao la mauzo. Keti na mweka hazina, chagueni bidhaa moja tu, mjumlishe alicholipwa mkulima, usafiri, vifungashio na kilichoharibika njiani. Mara nyingi hugundulika kwamba bidhaa inayotoka haraka ndiyo inayowala mtaji. Somo la namna hiyo halisahauliki, tofauti na semina za chai na vyeti (mniwie radhi, nimezichoka).

Msiishie kwa viongozi. Elimu na mafunzo ni kanuni ya 5 kati ya 7 za ushirika zinazotambulika kimataifa, na kuna sababu: mwanachama asiyeelewa mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya ushirika, atamhoji vipi mwenyekiti?

Mtaji uje baadaye, kwa awamu. Mkiwaletea mshauri wa biashara, kubalianeni naye tangu mwanzo kwamba atarudi baada ya mavuno, wakati wa kulipana. Ugomvi mwingi huanzia hapo.