Msuli unaofanya kazi hauisubiri insulini

Dada yangu mkubwa ana kisukari cha aina ya pili. Mimi bado sijafika huko, ila niko jirani: kipimo changu cha sukari ya miezi mitatu, ile HbA1c, kilisoma asilimia 6.1, na kuanzia 6.5 unahesabiwa mgonjwa. Daktari akaniambia nifanye mazoezi. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Morogoro, na ushauri wa maneno mawili haunitoshi. Nilitaka kujua msuli unafanya nini hasa na sukari. Nilichokisoma kimenipangia upya siku yangu.

Chukua sahani ya ugali. Wanga unameng'enywa kuwa glukosi, glukosi inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini. Sehemu kubwa ya glukosi hiyo inatakiwa iishie kwenye misuli, lakini haipenyi utando wa seli hivihivi. Inahitaji mlango, na mlango wenyewe ni protini iitwayo GLUT4. Msuli ukiwa umetulia, milango mingi imehifadhiwa ndani ya seli, kwenye vifuko vidogo mno. Insulini ikishika seli kwa nje, ujumbe unapita ndani, vifuko vinasogea hadi kwenye utando, na milango inapachikwa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili ujumbe huo unafifia njiani. Insulini anaweza kuwa nayo, tena nyingi, ila milango haisogei inavyotakiwa.

Utamu uko hapa: msuli unaofanya kazi huisogeza milango hiyohiyo kwa njia nyingine kabisa. Unapojikaza, kalsiamu inamwagika ndani ya seli, ATP, yaani nishati ya seli, inatumika, mabaki yake yaitwayo AMP yanaongezeka, na kimeng'enya kiitwacho AMPK kinaamka. Ishara hizo zinavisukuma vifuko bila insulini kuhusika. Na njia hii, hata kwa mgonjwa wa aina ya pili, bado inafanya kazi. Niliposoma hivyo nilimpigia dada simu usiku uleule.

“Kwa hiyo mdogo wangu, nikitembea, dawa niache?”

“Usiache, dada. Dawa meza, na kutembea tembea.”

Nikajipima mwenyewe kwa kile kipimo cha kutoboa kidole. Ugali uleule, dagaa walewale, mchicha uleule. Siku niliyokaa kwenye kochi kusahihisha madaftari, saa moja baada ya kula nilikuta milimoli 9.8 kwa lita (hiki si kipimo kile cha asilimia). Siku niliyozunguka mtaa kwa dakika ishirini hivi mara tu baada ya kunawa, 7.4. Najua, jaribio la mtu mmoja si utafiti. Mwanafunzi wangu angeniletea hivyo kwenye mtihani ningemnyima alama. Ila mwendo wa baada ya chakula cha usiku sijauacha tena. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: kama una muda mfupi tu wa kutembea, uweke baada ya mlo wenye wanga mwingi, wala usiuache mpaka alfajiri kwa sababu tu ndiyo saa wanayokimbia wengine.

Dada yeye ni fundi cherehani, anashinda amekaa. Mwanawe alitaka kumfungia mota kwenye cherehani yake ya miguu. Nikamwambia aiache kwanza. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston walionyesha kwamba mtu aliyekaa, akiwa anainua na kushusha kisigino mfululizo kwa msuli wa ndani wa kigimbi, sukari yake baada ya kunywa glukosi haipandi sana kama akitulia. Kukanyaga pedali si zoezi lilelile hasa, lakini kigimbi kinapata kazi, na mimi sioni kwa nini tuilipie mota ije kumpumzisha.

Sasa, milango hairidhiki kubaki nje. Ukiacha kujikaza, ndani ya saa chache mingi inarudi kwenye vifuko. Kinachobaki ni kwamba msuli uliotumia akiba yake ya glaikojeni, yaani glukosi iliyohifadhiwa, unaisikia insulini vizuri zaidi, kwa siku moja hadi mbili hivi. Ndiyo maana Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri zisipite zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Wale wenzangu wa mpira wa Jumamosi, wanaocheza mpaka wachechemee kisha wakae wiki nzima, siwabezi, moyo wao unafaidika. Lakini kwa upande wa sukari, ikifika Jumanne faida nyingi imekwisha kupotea.

Kuna mabadiliko mengine ya polepole. Mwaka 1967 John Holloszy, huko St. Louis, alichapisha matokeo ya panya aliowakimbiza kwa wiki kadhaa: vimeng'enya vya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, kwenye misuli yao viliongezeka karibu mara mbili. Baadaye ikajulikana kuna protini, PGC-1α, inayoamsha jeni za kujenga mitokondria. Zoezi moja huinua uzalishaji wake kwa saa chache, kisha unashuka. Ukirudia kabla mwili haujasahau, protini mpya zinajilimbikiza. Ukiacha wiki kadhaa, zinapungua. Kwa hiyo usijikague kwenye kioo baada ya wiki moja. Subiri kipimo cha miezi mitatu.

Vidonge navyo niseme. Watu wengi wakianza mazoezi hununua na vitamini C za kuyeyusha kwenye maji. Mwaka 2009 kundi la Michael Ristow, Ujerumani, liliwapa vijana wanaofanya mazoezi vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E kila siku, na ule usikivu wa insulini ulioongezeka kwa wenzao wasiomeza, kwao haukuongezeka. Inaonekana misukosuko ya kikemikali inayozuka ndani ya msuli wakati wa mazoezi, ambayo vitamini hizo huituliza, ni sehemu ya ishara yenyewe. Kula chungwa lako, pesa ya vidonge nunulia viatu.

Ongeza na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta, kubeba ndoo. Msuli mkubwa una nafasi kubwa ya kuweka glukosi. Usishtuke ukijipima baada ya kukimbia kasi sana ukakuta sukari imepanda. Adrenalini huliamuru ini kutoa akiba yake ya sukari, na baadaye sukari hushuka.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenclamide azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza mazoezi, maana sukari inaweza kushuka mno. Atembee na kitu cha sukari mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, asimame ale. Na ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi asitembee na kandambili. Avae viatu vilivyofunika vidole, akirudi akague nyayo kwenye mwanga.