Mbwa wa Mbuzi Hulelewa na Mbuzi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za mbwa wa kulinda mbuzi. Hapa Mombasa, kuanzia Mwakirunge hadi Mtongwe, watu wenye mbuzi kumi au kumi na tano wamechoka kuamka alfajiri na kukuta zizi limevunjwa. Wengi wameamua kutafuta mbwa, na nafurahi. Ila maswali mengine nimekwisha kuyajibu hapa mara nyingi, kwa hiyo hayo nitayapitia mbio ili yenye uzito yapate nafasi.

Nilinunua mbwa wa polisi wa miaka miwili kwa shilingi 35,000, nikamfunga mnyororo kando ya zizi. Wiki ya pili mbwa koko waliingia wakaua mbuzi watatu. Yeye alibweka tu. Nimepunjwa? (Mwakirunge)

Pole sana kwa mbuzi wako. Aliyekuuzia sina la kumwambia, lakini mbwa usimlaumu. Aliyefungwa mnyororo hawezi kumfukuza mbwa koko hata mmoja. Anachoweza ni kubweka, na alibweka.

Hata hivyo usikimbilie kumfungulia akaingia zizini. Huyo hakulelewa na mbuzi. Kwake mbuzi anayekimbia ni kitu cha kukimbizwa, na unaweza kuamka ukakuta waliokufa safari hii ameua yeye. Mwache alinde ua wa nyumba, ndani ya uzio, bila mnyororo. Kazi hiyo anaiweza, kwa kuwa ni mbwa anayemtazama binadamu na kungoja amri. Mbwa wa zizi ni mwingine. Anakaa na mbuzi usiku mzima bila mtu wa kumwamuru, anaamua mwenyewe nani mgeni na nani mwenyeji.

Na huyo hanunuliwi akiwa mkubwa, analelewa. Mtoto wa mbwa, tangu wiki ya tatu hivi hadi kama ya kumi na sita, anajifunza nani ni jamaa zake. Atakaolala nao, atakaonusa jasho lao, hao ndio wake. Mwingize zizini akiwa na wiki nane. Ukingoja afikishe miezi sita umechelewa.

Nasema haya kwa uchungu. Mbwa wangu wa kwanza tulimlea jikoni. Watoto walimpakata, akalala chini ya meza, akala mabaki ya pilau. Alipokua nikampeleka zizini. Kila jioni, jua likizama, aliruka ukuta akaja kulala mlangoni kwetu, kidevu juu ya kizingiti. Alikuwa analinda jamaa zake, yaani sisi. Nilipoteza mbarika wawili, tena wenye mimba, kabla sijaelewa.

Mbwa gani mzuri wa kulinda mbuzi? Nimesikia sifa za Kangal. (Mikindani, Bamburi, Likoni na wengine wengi)

Tafadhalini, hili ni swali lenu la kila mwezi. Kangal wa Uturuki ni mlinzi kweli. Maremma wa Italia pia. Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wakulima mbwa wa Anatolia, ndugu wa Kangal, tangu 1994, ili mbuzi wapone na duma wasipigwe risasi. Sibishani na hayo. Lakini Namibia ni kukavu, na Maremma ana manyoya mazito ya milimani. Joto letu la kaskazi, lenye unyevu hata usiku, litamtesa, na mbwa anayehema kivulini mchana kutwa hana nguvu ya kukesha.

Botswana wanatumia mbwa wao wa kienyeji, mwembamba, wa manyoya mafupi, asiyechagua chakula, na anafanya kazi. Wetu ni wa namna hiyo hiyo. Kinachomfanya mlinzi kwa sehemu kubwa ni malezi. Pale Warrnambool, Australia, kuanzia 2006 Maremma walitumika kulinda pengwini wadogo wa kisiwani dhidi ya mbweha. Mbwa wa kondoo wa Italia alimjulia wapi pengwini? Alizoeshwa.

Kwa hiyo tafuta jike wa jirani aliyetulia, asiyekimbiza kuku, na bora zaidi anayeshinda na mifugo. Chukua mtoto wake. Fedha iliyobaki nunua mabati ya banda na chanjo.

Jike au dume? (Shanzu)

Yeyote. Wote wanalinda, na kumhasi dume hakumwondolei ulinzi. Kunampunguzia kuzurura.

Fundi mmoja ameniambia nimpe pilipili na bangi, nimkate na masikio, awe mkali. (Changamwe)

Usifanye hata moja. Ni ukatili, na Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inaweza kukufikisha mahakamani. Mbwa mwenye maumivu humng'ata aliye karibu, na aliye karibu ni mwanao.

Mume wangu hataki mbwa nyumbani kwa sababu ya najisi, na mbuzi wanaibwa. Nifanyeje? (Jomvu)

Dada yangu, fatwa si kazi yangu. Nendeni wote wawili kwa shekhe wa msikiti wenu. Nitakachosema ni kile kila aliyepita madrasa amekisikia: hadithi inayokataza kuweka mbwa imewatoa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii, chombo alichotia mdomo huoshwa mara saba, moja kwa mchanga.

Sasa angalia jinsi ufugaji mzuri unavyokwenda sambamba na hofu ya mumeo. Mbwa wa zizi hatakiwi kuingia nyumbani hata siku moja. Ana bakuli lake linalokaa zizini. Anayemlisha ana kanzu kuukuu au leso ya kazi, tofauti na nguo za kuswalia. Watoto hawampakati. Jenga kwanza hiyo sehemu yake, mwonyeshe mumeo wapi atalala na wapi atakula, ndipo mzungumzie mbwa.

Mbwa wangu ana miezi saba. Amekulia zizini kama ulivyoshauri, lakini anang'ata masikio ya watoto wa mbuzi na kuwakimbiza. Nimtoe? (Mtwapa)

Usimtoe, wala usimpige. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kumrudisha mbwa mzuri kwenye mnyororo. Miezi saba ni mtoto mkubwa mwenye meno. Mbwa wa kazi hii hakomai mpaka miezi kumi na minane, wengine miaka miwili. Anacheza na wanambuzi kwa sababu hana mbwa mwenziwe wa kucheza naye.

Watenge wanambuzi kwa kichanja au wavu, yeye umweke na majike wakubwa wenye pembe. Mimi nina jike mmoja mzee, mweupe mwenye baka jeusi jichoni, ambaye amenifundishia mbwa wawili. Mbwa akimrukia, hakimbii. Anageuka, anashusha kichwa, anampiga pembe ya ubavu mara moja, kisha anarudi kwenye majani yake. Siku ya tatu au ya nne nilimkuta yule mbwa amelala chali, jike yule amekaa karibu yake akicheua, kwato yake juu ya mkia wa mbwa, na mbwa hajisogezi.

Kama pembe hazitoshi, mfungie shingoni kigogo chepesi kinachoning'inia hadi magotini, kwa saa unazomwangalia tu. Akitembea hakimuumizi, akikimbia kinamgonga miguu. Ukimkuta anang'ata, mkemee kwa sauti papo hapo. Kumkemea baadaye hakumfundishi kitu.

Jambo jingine, hukuliuliza: mbuzi akizaa, uwepo. Mbwa atakula kondo la nyuma, usishtuke. Lakini mbwa mchanga anaweza kumlamba mwanambuzi kupita kiasi, hata mama akamkataa. Uzao wa kwanza anaoushuhudia uwe mbele ya macho yako.

Mbwa amekonda, ana homa, na jicho moja limekuwa jeupe kama maziwa. (Karibu na Shimba Hills)

Huko kwenu kuna mbung'o, na dalili hizo zinafanana sana na za nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, ambao mbwa pia huugua. Mpeleke apimwe damu leo. Usimdunge sindano ya ng'ombe kwa kukisia.

Mahindi yakiota ukungu nampa mbwa. Na siku ya kuchinja nampa maini na mapafu yenye malengelenge. Hayatupwi. (Likoni)

Yatupe. Sumu ya ukungu, aflatoksini, ndiyo iliyoua watu 125 upande wa Makueni na Kitui mwaka 2004. Huharibu ini, na mbwa hudhurika nayo haraka kuliko wanyama wengi. Sima ya mahindi yasiyo na ukungu, pamoja na dagaa au vichwa vya samaki vilivyochemshwa, inamtosha.

Hayo malengelenge ni vifuko vya tegu. Mbwa akivila, minyoo inakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, yanaingia kwenye mboga, maji na mikono ya watoto wako, na vifuko vinaota ndani ya ini la mtu. Kichwa kibichi cha mbuzi kina hatari ya namna hiyo: ukimwona mbuzi anazunguka upande mmoja kama anayefuata mkia wake, huenda ana kifuko ubongoni kilichotokana na mbwa. Kila Idd Kubwa naona watu wakiwarushia mbwa viungo hivi barabarani na moyo unaniuma. Vifukie shimoni au uvichome, na mbwa apewe dawa ya tegu kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Mbwa wangu hatoki zizini. Kuna haja gani ya chanjo ya kichaa? (Kisauni)

Yeye hatoki, lakini mbwa koko wanaingia, na umemweka hapo apambane nao. Hakuna mbwa anayehitaji chanjo kuliko huyo. Ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Serikali ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kwa binadamu kutoka 2014 hadi 2030, na hautafika popote kama wafugaji wenyewe tunakwepa sindano moja kwa mwaka.

Na mbuzi na ng'ombe nao huugua kichaa hicho. Ng'ombe akianza kutoa mate mengi, kulia ovyo na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na embe. Mwite daktari. Mnyama yeyote unayemtilia shaka akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, usilifunge, usipake majivu wala mafuta, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.