Maswali ya Wasomaji: Amplifaya Mbili, Spika Jozi Moja

*Ndugu wahariri, salaam. Nina amplifaya mbili. Moja ni ya zamani, wati 40 kila upande, naipenda kwa santuri. Nyingine ni mpya, ya televisheni. Spika ni jozi moja tu, za omu 8. Fundi wa hapa mtaani anasema nifunge waya za amplifaya zote mbili kwenye spika hizo hizo, mradi nisiziwashe kwa pamoja. Ni salama?*
*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

Si salama, ndugu yetu. Usijaribu hata mara moja.

Amplifaya ya transista ina ukinzani mdogo sana pale inapotolea sauti, mara nyingi omu 0.1 au chini yake. Ukizifunga mbili pamoja, moja ikitoa volti 10 na nyingine imetulia, umeme hauna sababu ya kuhangaika na spika ya omu 8 wakati njia nyepesi iko kando. Unaingia kwenye amplifaya ya pili. Kwa hesabu, volti 10 kwa omu 0.2 ni ampea 50. Fyuzi ikichelewa, transista za kutolea sauti zimekwisha. Kuizima ya pili si kinga: nyingi zina njia ya umeme ndani hata zikiwa zimezimwa, na siku mtu wa nyumbani akibonyeza swichi asiyoijua, zote mbili zinakwenda kwa fundi.

Unachohitaji ni swichi ya kuchagua yenye nguzo nne na nafasi mbili, ya ampea 10. Nguzo nne ni kwa sababu kila spika ina waya mbili, na zote mbili lazima zihame. Mafundi wengi hukata chanya tu na kuziacha hasi zimeungana. Hapo ndipo penye hatari, maana kwenye baadhi ya amplifaya za kisasa waya wa hasi nao unabeba sauti, haujafungwa kwenye bodi ya chuma ya amplifaya. Chagua swichi inayoachia upande mmoja kabla ya kushika mwingine. Yenye nafasi ya katikati isiyounganisha kitu ni bora zaidi.

Waya za spika ziende kwenye miguu ya katikati ya swichi, amplifaya ya kwanza miguu ya juu, ya pili miguu ya chini. Kabla ya kuzifunga waya zitokazo kwenye swichi kwenye amplifaya, chukua testa, iweke kwenye mlio, kisha gusa chanya ya waya wa amplifaya ya kwanza na chanya ya waya wa amplifaya ya pili, halafu hasi kwa hasi, katika kila nafasi ya swichi. Ikilia popote, rudia kazi. Unapobadilisha, shusha sauti kwanza. Na kama ile ya zamani ni ya valvu, izime kabisa kabla ya kuiondolea spika, maana ikipiga bila mzigo transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuharibika.

*Spika zangu zina skrubu nne nyuma, mbili juu na mbili chini. Nina amplifaya mbili za stirio zinazofanana. Naweza kuzitumia zote pamoja?*
*Msomaji, Raskazone, Tanga*

Hapa ndiyo, lakini kwa sharti moja lisilo na msamaha: ondoa vile vipande vya bati vinavyounganisha skrubu za juu na za chini. Vikibaki, umerudi kwenye balaa la jibu lililotangulia.

Ipe kila spika amplifaya yake: upande mmoja uende juu kwenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba), upande wa pili uende chini kwenye wufa (spika kubwa ya besi). Kwa kuwa kila amplifaya inahudumia spika moja, igawie sauti ya upande huo kwa kebo ya Y ili iingie pande zake zote mbili.

Zinafanana kwa jina, lakini zipime. Ukiwa hujafunga spika (amplifaya za transista tu), piga mlio wa hezi 100, weka testa kwenye volti za AC na rekebisha mpaka kila upande utoe kiasi kimoja, tuseme volti 2. Tofauti ya desibeli 3 kati ya juu na chini inageuza kabisa tabia ya spika. Tega sikio kwa rekodi za taarab za Black Star au Lucky Star za hapa hapa Tanga: gitaa la besi lisimfunike mwimbaji, wala sauti yake isichome masikio.

Testa ikiwa mkononi, pima pia volti za DC bila muziki. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Ikipita 100, mpelekee fundi kabla ya kuifunga spika.

Usitarajie wati 50 na 50 zisikike kama 100. Krosova ya ndani ya spika, ile inayogawa sauti kati ya twita na wufa, bado inafanya kazi yake, na kila amplifaya bado inabeba mawimbi yote ya volti. Faida ipo, ila ni ndogo. Kama fedha ni ya kubana, tungependa uitumie kwenye spika bora kuliko amplifaya ya pili.

*Baada ya kuongeza amplifaya, kuna mvumo usiokoma. Tena waya za spika zimekuwa kijani.*
*Msomaji, Pangani*

Mvumo huo wa hezi 50 mara nyingi unatokana na vifaa kuchomekwa kwenye soketi tofauti. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja. Usikate waya wa ethi kamwe, hata mvumo ukiisha. Huo ndio unaokulinda.

Ukijani ni shaba iliyoliwa na unyevu wa chumvi. Kata sehemu yote iliyobadilika, menya milimita 12, kisha bana kichwa cha shaba badala ya kuacha nyuzi wazi. Skrubu zisugue kwa spiriti. Waya wa milimita 2.5 za mraba unatosha: kwa mita 10, kwenda na kurudi, ukinzani wake ni karibu omu 0.14 tu. Kagua ncha kila baada ya miezi michache, hasa baada ya masika.