Kafleti ka 1982 huko Nagoya: soma hii kabla hujatoa arubuni

SWALI: Shikamoo injinia. Mie mtoto wa Makorora ila niko Nagoya mwaka wa saba sasa, nafanya kazi yadi ya magari, viza yangu ya miaka mitano, ukaazi wa kudumu bado. Nimepata kafleti ka mita za mraba 38, ghorofa ya nne, lifti hakuna, jengo limekamilika 1982, bei yen milioni 4.2 na kila mwezi kuna makato yen 21,000. Nimechoka kulipa kodi ya pango. Dalali anasema jengo ni la baada ya 1981 kwahiyo kwa tetemeko liko salama. Mgeni naruhusiwa kununua? Mbona bei rahisi hivi? Na siku nikirudi Tanga inakuwaje?

JIBU: Marhaba mwanangu. Nimekaa Japani miaka kumi na moja kwenye kazi hizihizi za majengo kabla sijarudi hapa Tanga, na nimefurahi sana umeuliza mapema, maana wengi wananitafuta wakishasaini.

Kuruhusiwa unaruhusiwa kabisa. Kule mgeni ananunua nyumba na ardhi kwa jina lake mwenyewe, umiliki kamili, sio kama huku kwetu ambako asiye raia anapewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Ila usije ukadhani nyumba itakusaidia kwenye viza, hivyo ni vitu viwili tofauti. Na mkopo usiutegemee, benki nyingi zinataka ukaazi wa kudumu, na fleti ndogo ya zamani hata mwenye ukaazi anahangaika nayo, kwahiyo hesabu zako zipige za keshi.

Hapo kwenye 1981 dalali kakupa nusu ya maneno. Sheria mpya ya tetemeko ilianza tarehe 1 Juni 1981, baada ya tetemeko la Miyagi la 1978 kuonyesha udhaifu wa majengo, lakini kinachoangaliwa ni siku kibali cha ujenzi kilipopitishwa, sio siku watu walipokabidhiwa funguo. Jengo la zege la ghorofa kadhaa linachukua mwaka na ushee kujengwa, sasa lililokamilika 1982 linaweza kuwa na kibali cha 1980, yaani nondo zake zimepangwa kwa sheria ya zamani. Kwenye tetemeko la Kobe mwaka 1995 walikufa watu zaidi ya 6,400, na majengo ya sheria ya zamani ndiyo yaliyoumia zaidi. Nagoya nako wanalisubiri tetemeko kubwa la upande wa Nankai, ule ufa wa chini ya bahari kusini mwa Japani, hili sio jambo la kupuuza mwanangu. Mwambie dalali akuletee tarehe ya *kenchiku kakunin*, ndio hicho kibali cha ujenzi, manispaa wanayo kwenye daftari lao. Ikiwa ni kabla ya Juni 1981, uliza kama jengo limewahi kupimwa uimara na likaongezewa nguvu. Hawana jibu? Mie nisingenunua.

Sasa bei. Hapa ndio pa kukaa chini tuongee vizuri. Hiyo 21,000 ni vitu viwili ndani yake: hela ya uendeshaji, *kanri-hi*, yaani usafi, taa za ngazi na kampuni inayosimamia, halafu akiba ya matengenezo makubwa, *shuzen tsumitatekin*. Utalipa ukae usikae, kwa miaka kumi ni yen 2,520,000, zaidi ya nusu ya bei uliyonunulia. Wewe unajua nyumba ya urithi pale Ngamiani inavyokuwa, ndugu wanane, bati likivuja kila mtu anamtazama mwenzie. Kule wameliweka kisheria, wenye fleti wote wana chama kimoja na mfuko mmoja, na kila miaka kama 12 mpaka 15 jengo zima linafungwa jukwaa, kuta zinazibwa nyufa, paa linawekewa kinga ya maji, mabomba yanaangaliwa. Kazi hiyo ni kama yen milioni moja na zaidi kwa kila fleti. Kwahiyo chukua hela iliyomo kwenye mfuko ugawe kwa idadi ya fleti. Tuseme fleti ziko 40 na mfuko una milioni 6, hiyo ni laki moja na nusu tu kila fleti, basi ujue makato yatapandishwa au mtachangishwa kwa mkupuo, na aliyekuuzia anaweza akawa anakimbia hilohilo. Kingine, kama ana malimbikizo hajalipa, deni linakufuata wewe mnunuzi, sheria yao ndivyo inavyosema.

Ya kwangu mie ilikuwa ya 1974, jiko jipya, karatasi za ukutani mpya, nikaona nimepata. Kumbe bomba la maji machafu la bafu langu limepita chini ya zege, yaani ndani ya dari la mzee wa ghorofa ya chini, zamani walijenga hivyo sana. Mwaka wa pili likavuja. Nilikwenda kupiga magoti kwa yule mzee nimuombe tutoboe dari lake, aibu ile sijaisahau mpaka leo. Wewe uliza mabomba yamepita wapi na yamebadilishwa lini, rangi mpya isikushughulishe.

Gharama za pembeni: dalali kwa nyumba isiyozidi yen milioni 8 anaweza kukutoza mpaka 330,000 kodi ikiwemo, kuna mtu wa kuandikisha hati, halafu miezi kadhaa baadae inakuja barua ya kodi ya kupata nyumba, usishtuke. Kodi ya mwaka anatozwa aliye mmiliki tarehe 1 Januari.

Ukirudi Tanga nyumba inabaki yako, ila lazima uache mtu wa kukupokelea barua za kodi na kukulipia, na makato ya mwezi hayasimami. Kuuza ndani ya miaka mitano kodi ya faida ni karibu asilimia 39, ukipita mitano inashuka mpaka 20 hivi, na mitano hiyo inahesabiwa mpaka tarehe 1 Januari ya mwaka unaouza, wengi wanakosea hapo.

Arubuni kwa kawaida ni asilimia 5 mpaka 10, na ukighairi mwenyewe imepotea. Kwahiyo kabla hujatoa hata yen moja omba ripoti ya kampuni inayosimamia jengo, inaitwa *juyo jiko chosa hokokusho*, mfuko, madeni na ratiba ya matengenezo vyote vimo humo. Ukiipata ipige picha, ziba jina la mwenye nyumba na anwani, nitumie, nitakusomea mstari kwa mstari.