Ukikwama kwenye sarufi ya Kiingereza, anza na sentensi yako ya Kiswahili

Nimewafundisha watu wazima Kiingereza kwa miaka mingi, na maswali ninayoulizwa hayabadiliki sana: "have" inatumika lini, "the" inawekwa wapi, na kwa nini jibu la "yes" limeeleweka kinyume. Zamani nilijibu kwa kanuni ya kitabuni. Mwanafunzi aliikariri, na wiki iliyofuata akalirudia kosa lile lile. Siku hizi humwuliza kwanza sentensi hiyo angeisemaje kwa Kiswahili, kwa kuwa mara nyingi kosa limejificha huko.

Kinachosumbua zaidi ni "-me-". Wengi tulifundishwa kwamba "nimesoma" ni "I have read", na ni kweli, lakini kiambishi hicho kina kazi nyingine ambayo hatuifikirii kwa sababu tumeizoea mno. Mwanafunzi wangu mmoja alipigiwa simu na mgeni aliyetaka kuzungumza na dada yake, naye akajibu "She has slept", akikusudia kusema kwamba dada amelala. Mgeni akaomba dada apewe simu, maana alichosikia ni kwamba usingizi umekwisha. Amelala, amekaa, amesimama na amevaa hueleza hali aliyomo mtu wakati huu, na hapo Kiingereza husema "she is asleep", "she is sitting", "she is standing", "she is wearing". Basi kabla ya kuigeuza "-me-" kuwa "has", jiulize kama tendo limekwisha au mtu bado yumo ndani yake.

Upo pia mtego wa wakati uliotajwa. "Nimemwona jana" husikika kila siku katika mazungumzo yetu, ila "I have seen him yesterday" haikubaliki. Jana imekwisha, kwa hiyo ni "I saw him yesterday". Lakini "ninaishi hapa tangu 2015", ambayo kwetu ni wakati uliopo, kwa Kiingereza huwa "I have lived here since 2015". Neno "since" hutaja mahali muda ulipoanzia, na "for" hutaja urefu wake, kama katika "for ten years".

Kuhusu "a" na "the", nasikia mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, nami sikubaliani kabisa na kauli hiyo. Linganisha "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu". Katika sentensi ya pili, ile "-ki-" inadokeza kwamba msikilizaji anajua ni kitabu kipi, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya "the": ya kwanza ni "I have seen a book", ya pili ni "I have seen the book". Kipimo hiki kina mipaka yake, kwani kwa watu tunasema "nimemwona mtu" hata kama msikilizaji hamjui mtu huyo. Lakini kwa vitu visivyo hai kimewasaidia wanafunzi wangu kuliko kanuni yoyote niliyowahi kuwaandikia ubaoni. Suala la "a" na "an" ni jepesi zaidi: sikiliza sauti, usitazame herufi, ndiyo maana tunasema "an hour" lakini "a university".

Limebaki lile la "yes". Ukiulizwa "Hujala?" nawe hujala, unajibu "Ndiyo", yaani unakubaliana na aliyeuliza. Kiingereza hakimfuati muulizaji, hufuata jambo lenyewe lilivyo: kwa "Haven't you eaten?" jibu lako ni "No", na ukisema "Yes" umesema kwamba umekula. Nawasihi wanafunzi wangu wasiishie kwenye neno moja, bali wamalizie sentensi, "No, I haven't", kwa sababu hata "no" ikiwaponyoka ikawa "yes", ile "haven't" itamfanya muulizaji aulize tena.