Maswali yenu: David Thomas na wanawe, wayeyusha chuma wa Pennsylvania

Safari iliyopita niligusia habari za David Thomas, mzaliwa wa Wales aliyehamia Pennsylvania mwaka 1839 na kuingiza wanawe katika kazi ya chuma. Haya ni baadhi ya maswali yenu.

Kwani Wamarekani hawakujua kuyeyusha chuma mpaka aje yeye?

Walijua sana, tangu enzi za ukoloni. Ila walitumia mkaa wa kuni, na tanuri moja lilikula msitu mzima. Makaa ya mawe magumu, yaani anthrasaiti, walikuwa nayo tele, lakini hayakukubali kuyeyusha chuma kwa hewa baridi iliyopulizwa tanurini. Mwaka 1837, katika kiwanda cha George Crane kule Wales, Thomas aliyaweza kwa kuipasha hewa moto kabla ya kuipuliza tanurini. Kampuni ya makaa ya Lehigh, ya Pennsylvania, ikamfuata hukohuko na mkataba mkononi.

Eti mitambo yake ilikataa kuingia melini?

Kweli kabisa, na mimi hapa hucheka kila mara. Mitungi ya kupulizia hewa ilisubiwa Uingereza, ikafikishwa bandarini, ikaonekana ni mikubwa kuliko mlango wa shehena. Meli ikang'oa nanga bila mitungi. Ikabidi isubiwe upya Philadelphia, na karakana iliyokubali kazi hiyo ikalazimika kwanza kupanua mashine yake ya kukereza. Ndiyo maana chuma chake cha kwanza kilitoka Catasauqua, mji wa Pennsylvania alikojenga tanuri, tarehe 4 Julai 1840, mwaka mzima tangu wahamie.

Mwanawe Samuel alipewa cheo kwa kuwa mtoto wa bosi?

Alihama na wazazi akiwa na miaka 12, akaanzia kwa wahunzi. Mwaka 1864 akawa rais wa Thomas Iron, kampuni iliyoanzishwa 1854. Nduguye John aliachiwa usimamizi wa kile kiwanda cha kwanza kule Catasauqua. Jina liliwafungulia mlango, sibishi. Ila chuma kikiganda tanurini, tanuri haliulizi wewe mtoto wa nani.

Basi kampuni ilikuwa mali yao?

Hapana. Ilikuwa ya wanahisa wengi, na mzee alipewa heshima ya jina. Familia ilishika usukani hasa Alabama, Samuel na mwanawe Edwin walipojenga matanuri karibu na Birmingham, miaka michache baada ya mzee kufariki 1882. Mtaa huo bado unaitwa Thomas.

Kuna kilichobaki cha kutazama?

Kipo Alburtis, Pennsylvania. Matanuri ya Lock Ridge, yaliyokuwa ya Thomas Iron, yalizimwa 1921, na leo ni bustani yenye makumbusho.