Injini ya C62 ya Japani: kweli ilitoka kwenye injini ya mizigo?

Swali: Shikamoo mhandisi. Niko Mbeya, na reli niliyoizoea ni ya TAZARA. Nimesikia kwamba Japani, ambako njia ina upana uleule wa milimita 1067, iliwahi kuwa na injini ya mvuke iitwayo C62 iliyofika kilomita 129 kwa saa, tena ikiwa imeundwa kwa viungo vya injini za mizigo. Iliwezekanaje? Na je, ipo hata moja ambayo bado inawashwa moto?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Yote uliyosikia ni kweli.

Vita vilipoisha mwaka 1945, Japani ilibaki na injini nyingi za mizigo za aina ya D52, zilizoundwa kwa haraka za vita, na mizigo ikawa imepungua. Abiria nao walikuwa wakijazana hadi kuning'inia madirishani. Kupata kibali na fedha za injini mpya kabisa chini ya utawala wa majeshi washirika kulikuwa kugumu, ila ukarabati uliwezekana. Basi mafundi chini ya Hideo Shima, ambaye baadaye aliongoza uhandisi wa Shinkansen, treni za kasi za Japani, wakalichukua boila la D52 na kuliundia miguu mipya. Kati ya 1948 na 1949 zikatoka injini 49 za C62.

Kazi ilikuwa kwenye hiyo miguu. D52 ilitembea kwa magurudumu manane ya kuvuta yenye kipenyo cha mita 1.4, yanayofaa kukokota mzigo polepole. C62 ilipewa sita tu, lakini ya mita 1.75. Hapo uzito ukawa tatizo: boila lile ni kubwa, na likikalia ekseli tatu za kuvuta bila msaada wa kutosha, reli haivumilii. Kwa hiyo wakaweka magurudumu manne mbele na mengine manne nyuma, chini ya tanuri, yasaidie kubeba. Hata hivyo kila ekseli ya kuvuta ilibeba takriban tani 16, na kwa njia dhaifu zaidi baadhi zilirekebishwa zibebe kama tani 15.

Sasa kasi. Tarehe 15 Desemba 1954, C62 namba 17 ilikimbizwa katika majaribio kwenye daraja la mto Kiso, njia ya Tokaido, ikafika kilomita 129 kwa saa. Piga hesabu nami: gurudumu la mita 1.75 likizunguka mara moja linasafiri mita 5.5 hivi. Kwa kasi ile linazunguka zaidi ya mara sita kila sekunde, na kila mzunguko pistoni inakwenda na kurudi. Vyuma vile vikirushwa namna hiyo huipiga reli kwa nguvu inayopanda kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiongezeka maradufu, kishindo huwa mara nne. Ndiyo maana kazini C62 haikuendeshwa hivyo. Kilomita 100 ndiyo ilikuwa kikomo. Upana wa njia peke yake hauzuii kasi. Uimara wa njia, kona zake na usawazishaji wa magurudumu ndivyo vinavyoamua.

Leo zimebaki tano. Namba 17 ipo kwenye jumba la makumbusho la reli mjini Nagoya, baridi, haina moto. Namba 1, 2 na 26 ziko Kyoto, na hiyo namba 2, yenye alama ya mbayuwayu kwenye mabati ya kukingia moshi, ndiyo jibu la swali lako la mwisho: imetunzwa ikiwa hai, na huvuta treni fupi ya wageni ndani ya eneo la makumbusho. Iko Umekoji, mtaa wa Kyoto, kwenye karakana ya nusu duara iliyojengwa mwaka 1914, ambako makumbusho ya injini za mvuke yalifunguliwa mwaka 1972.

Kuitunza hai si suala la rangi na mafuta. Boila ndilo roho. Ndani yake kuta za tanuri zimeshikiliwa na boliti nyingi sana, na kila moto unapowashwa na kuzimwa chuma hutanuka na kunywea, mpaka boliti inakatika bila kuonekana. Fundi huzipitia moja moja kwa nyundo ndogo akisikiliza: nzima hulia wazi, iliyokatika hutoa sauti iliyokufa. Ndiyo maana moto huwashwa taratibu, saa nyingi kabla ya safari.

Namba 3 inaonyesha gharama yake. Ilifufuliwa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, ikapanda milima ya Niseko kutoka Otaru tangu 1988, ikasimama 1995 kwa sababu ukaguzi mkubwa wa boila ulihitaji fedha ambazo hazikupatikana. Chuma kilicholala miaka mingi kinaweza kuamka: C61 namba 20, ndugu yake mdogo mwenye boila la D51, injini nyingine ya mizigo, ilikuwa imewekwa bustanini katika mkoa wa Gunma, ikarudi njiani 2011. Lakini C62 ni nzito zaidi. Kwa maoni yangu, fedha zikipatikana, ziende kwenye boila la namba 2 ambalo bado lina moto, na namba 17 iachwe ilivyo, na vyuma vyake vya asili.